Valvu Ikilia, Usiizibe

Wenzangu mnaokwenda Amani kwa mafunzo ya vitendo, jiandaeni: maharage kule yanachelewa kuiva. Kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 97, si 100. Ndiyo maana nabeba sufuria ya presha. Mvuke ukifungiwa, presha hupanda na joto nalo hupanda. Otoklevu ya maabara, ile ya kuulia vijidudu kwenye vifaa, hufika nyuzi 121 kwa njia hiyohiyo.

Kile kizito kinachochezacheza juu ya sufuria hupunguza presha ya kila siku. Ganda la harage likiziba njia yake, ndipo valvu ya usalama ya pembeni inaokoa watu. Kwenye otoklevu na boila, springi hukandamiza kifuniko kidogo juu ya tundu. Presha ikiishinda springi, kifuniko huinuka, mvuke hutoka. Ikishuka, kinajifunga chenyewe. Wazo ni la karne ya 17, la Mfaransa Denis Papin, naye alitaka kulainisha mifupa tu!

Nimeona valvu imezibwa kwa kijiti eti "inamaliza gesi". Jamani, hilo ni bomu jikoni. Matangi ya kompresa na hita za maji nazo zinaihitaji, na kati ya tangi na valvu isiwekwe koki hata moja. Mtu ataifunga tu.

Ikilia, zima moto, kaa mbali, subiri ipoe kabisa ndipo ufungue na kusafisha tundu.