Kabla ya Kufufua Waliokufa, Tumemalizana na Walio Hai?

Ilikuwa Aprili 2025, jioni, tumekaa maskani Kilifi, viazi karai mkononi. Mshikaji mmoja akapitisha simu tuone video: watoto wa mbwa mwitu, weupe kama pamba, wanalia kwa sauti nyembamba. Ati hawa walitoweka duniani zaidi ya miaka 10,000 iliyopita na Wamarekani wamewarudisha.

Ubishi ukawaka hapo hapo. Mmoja akasema hiyo ni kufuru, kazi ya kuumba ina mwenyewe. Mwingine akataka kujua dinosa wanaletwa lini. Wa tatu, ambaye riziki yake ni uvuvi, alikuwa kimya akimenya kiazi chake. Alipomaliza akauliza, "Kwani hao jamaa wameshamalizana na walio hai?"

Tulicheka. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani.

Mimi si mwanasayansi. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na siku hizi naandika mitandaoni kwa bando la kukadiria. Ila kusoma sikuacha. Basi nikaanza kuchimba, na nilichokipata kimenirudisha hapa hapa kwetu Pwani.

Probox yenye taa za Prado

Kwanza wale mbwa mwitu. Kampuni iliyowatoa inaitwa Colossal Biosciences, iko Texas. Walisoma vinasaba kutoka kwa jino la miaka 13,000 na fuvu la miaka 72,000. Hapo sawa. Lakini hawakumfufua mnyama kutoka kwa jino. Walichukua seli za mbwa mwitu wa kijivu, yule wa kawaida aliye hai leo, wakabadilisha sehemu 20 katika jeni 14, kisha mimba ikabebwa na mbwa wa kufugwa.

Yaani hivi: ukiichukua Probox, ukaifunga taa za Prado na bampa ya Prado, inapendeza, lakini bado ni Probox. Wanasayansi wengi walisema jambo hilo hilo kwa lugha yao ya heshima.

Na yule aliyewahi kurudi kweli je? Yuko. Kulikuwa na mbuzi wa milimani kule Uhispania, anaitwa bucardo. Wa mwisho alikufa Januari 2000, lakini kabla hajafa watu walikuwa wamehifadhi seli zake kwenye baridi kali. Mwaka 2003 akazaliwa mtoto kutokana na seli zile. Mapafu yake yalikuwa na kasoro, akaishi dakika chache tu. Ndiye mnyama aliyetoweka mara mbili.

Na kwa wale wa maskani wanaosubiri dinosa: sahauni. Vinasaba huoza kama kitu kingine chochote. Vya zamani zaidi vilivyowahi kusomwa ni vya takriban miaka milioni 2, kutoka kwa udongo wa Greenland. Dinosa waliondoka miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna cha kunakili.

Samaki aliyerudi bila maabara

Sasa njoo Malindi. Aprili 2001, trola moja ilikuwa inavua nje ya Malindi ikatoa samaki wa ajabu: urefu mita 1.7, uzani kilo 77, magamba magumu, mapezi yamenona kama vijimiguu. Alikuwa silikanti, wa kwanza kurekodiwa katika maji ya Kenya. Yuko kwenye makumbusho pale Malindi hadi leo. Wengi wetu tumepita mlangoni mara mia tukienda zetu ufuoni.

Kisa cha samaki huyu ni kitamu. Kwa miaka mingi wanasayansi walimjua kwa mawe tu. Walimwona kwenye visukuku, wakahitimisha kwamba aliisha pamoja na dinosa. Halafu Desemba 1938, mwanamke aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia jumba dogo la makumbusho kule East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja kwenye rundo la samaki wa chombo cha uvuvi. Dunia ikashangaa. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimnasa tangu zamani, na jina wamempa: gombessa. Hata hawamthamini sana, nyama yake haina ladha.

Tafakari hapo. Mnyama "aliyetoweka" miaka milioni 66 alikuwa na jina kwa lugha ya jirani zetu. Hakuna aliyewauliza wavuvi.

Jirani zetu wa Tanga nao walianza kuwanasa kwa wingi kwenye nyavu za kina kirefu, hadi serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Kwa sababu kuna jambo: utafiti uliotolewa 2021 ulionyesha huenda samaki huyu akaishi karibu miaka 100, na mimba yake ikachukua kama miaka mitano. Mnyama wa namna hiyo ukimvua ovyo, hana haraka ya kuzaa akufidie. Alivuka janga lililomaliza dinosa, sasa anahangaika na wavu.

Wasichana wawili wa Laikipia

Kuna kazi moja ya maabara ambayo siwezi kuikejeli, na iko Kenya. Pale Ol Pejeta, Laikipia, wamebaki vifaru weupe wa kaskazini wawili tu duniani: Najin na bintiye Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, babake Najin, alikufa Machi 19, 2018, akiwa na miaka 45. Nakumbuka siku ile, kila mtu aliweka picha yake mtandaoni, na kesho yake tukaendelea na mambo yetu.

Watafiti hawakuendelea na mambo yao. Wanatoa mayai ya Fatu, yanasafirishwa hadi maabara Italia, yanarutubishwa kwa mbegu za madume waliokufa zilizogandishwa, na viinitete vinahifadhiwa. Kufikia mwanzoni mwa 2024 walikuwa na 30. Fatu na mamake hawawezi kubeba mimba, kwa hivyo mpango ni kumpa kifaru jike wa aina ya kusini awabebee.

Walijaribu kwanza kwa kiinitete cha kusini. Septemba 2023 wakampandikiza kifaru anayeitwa Curra. Mimba ikashika! Mara ya kwanza duniani kwa kifaru. Lakini Novemba mvua zile kubwa zikanyesha, mafuriko yakafukua vijidudu kwenye udongo, Curra akaambukizwa akafa. Tumboni mwake kulikuwa na kijusi cha kiume cha siku 70, urefu sentimita 6.4.

Sentimita 6.4. Kidole changu cha shahada ni kirefu kuliko hapo. Nilisoma ile ripoti nikaona nilivyokosea kudhani hawa ni watu wa kucheza na vioo.

Tena sikiliza kwa nini wana haraka. Mbegu zilizogandishwa zinaweza kungoja, lakini Najin na Fatu hawawezi. Ndama akizaliwa atahitaji kuishi na kifaru wa aina yake: ajue kusimama vipi, kula nini, kuongea vipi na wenzake. Mwili unaweza kutoka maabara. Malezi hayatoki huko. Akizaliwa baada ya hawa wawili kuondoka, atakuwa yatima wa taifa zima.

Halafu ataishi wapi? Vifaru hawa walimalizwa na bunduki, kuanzia Uganda na Sudan hadi Garamba, Kongo. Garamba imeanza kujipanga: Juni 2023 ilipokea vifaru weupe 16 wa aina ya kusini. Bila mahali kama hapo palipo salama, utakuwa umetengeneza mnyama wa kuzungushiwa ua na askari maisha yake yote.

Binamu yangu na tanuri

Hapa ndipo stori inaponiuma, kwa sababu inaingia kwetu.

Ukitoka Kilifi kwenda Malindi, mkono wa kushoto kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita 420 za mraba. Ndani mna sengi mwenye makalio ya dhahabu. Ni kamnyama ka pua ndefu, kama nusu kilo hivi, na nyuma kamepakwa manjano kama kamekalia rangi. Makazi yake makubwa zaidi duniani ni msitu huu. Na katika ukoo wa wanyama, sengi yuko karibu na ndovu kuliko panya. Kwa hivyo wale wanaomwaga mamilioni ya dola wamrudishe mamothi, yule ndovu wa manyoya, wana jamaa yake wa mbali hapa Gede, anahema.

Upande wa Magarini kuna Dakatcha. Kuna ndege pale, mnana wa Clarke, asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Alipewa jina lake la kisayansi 1913, lakini mahali anapotaga hapakujulikana hadi 2013. Miaka 100! Na wakati watu wanatafuta kiota, miti inakatwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi.

Binamu yangu ni mmoja wa wanaochoma makaa. Aliacha shule kabla yangu, ana wadogo zake watatu wa kusomesha. Nilipomweleza habari za mnana alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama huyo ndege analipa karo. Sikuwa na jibu. Tena chai niliyokuwa nakunywa ilichemshwa kwa makaa yake.

Ndiyo maana sipendi makala zinazomlaumu mchoma makaa peke yake. Ninachojua ni kwamba kuna njia nyingine iliyowahi kufanya kazi hapa hapa. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua kutoka kwa wanakijiji wanaopakana na msitu kile kifuko anacholala kiwavi kabla hajawa kipepeo, na kukiuza kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Kiwavi anahitaji majani, majani yanahitaji msitu. Mti uliosimama ukaanza kulipa karo.

Haikumaliza umaskini. Lakini ilimjibu mtu kama binamu yangu kwa lugha anayoielewa.

Mbwa mwitu wale walipotangazwa, waziri mmoja wa Marekani anayehusika na ardhi na wanyamapori aliandika mtandaoni akiisifu teknolojia hiyo, huku akiilalamikia orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria. Hapo ndipo naogopa. Mtu akishaamini kila kitu kinaweza kurudishwa, hana tena sababu ya kukilinda. Msitu ukiuzwa leo, atakwambia usijali, vinasaba vya sengi tunavyo kwenye friji.

Mimi sipingi maabara. Fatu na wenzake ni deni letu, sisi binadamu ndio tuliowamaliza, na tulipe. Lakini ukiletewa video nyingine ya mnyama aliyefufuliwa, uliza: nani atamlea, atakaa wapi, na wanaoishi hapo wameulizwa? Jibu likikosekana, hiyo ni maonyesho.

Wiki iliyopita nilimchukua binamu tukaenda makumbusho Malindi. Alisimama mbele ya yule silikanti muda mrefu, mikono nyuma, kama mzee. Akasema, "Huyu alijua kujificha."

Kweli. Alikuwa na bahari, mapango ya zaidi ya mita 100 chini, giza tupu. Sengi hana pa kujificha ila ule msitu wa barabarani. Tukirudi na matatu tuliupita, upande wa kulia sasa, na binamu aliutazama hadi ulipoisha. Hakusema kitu, nami sikumuuliza. Ila usiku alinitumia ujumbe: hao watu wa vipepeo, ofisi yao inafunguliwa saa ngapi?