Kamera Kubwa na Kamera Ndogo: Ipi Itufae?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Mtu anayemtazama mpiga picha akipita na mfuko wake mweusi begani hudhani ule mzigo si kitu. Lakini mwulize mwenyewe, aliyetoka Uvira asubuhi juu ya pikipiki, amepita Makobola na Swima, amefika Mboko, na njia ya Baraka ingali mbele yake. Huyo atakueleza uzito wa kamera, au apareyi kama wengi wetu tunavyoiita. Ndiyo maana walimu, makatekista na vijana wapatao riziki kwa picha za arusi huuliza hivi: Je, yafaa kuiacha kamera kubwa na kununua ndogo ya mfukoni? Na kama yafaa, ndogo ya namna gani?

Swali hili si la anasa. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliufurisha mto Mulongwe pamoja na mito mingine ishukayo toka milima ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, na nyumba kwa maelfu ziliharibika. Mwaka 2024 maji ya ziwa yenyewe yakapanda, yakaingia katika nyumba za pwani na katika bandari ya Kalundu. Nyumba iliyochukuliwa na maji ilikwenda na sanduku, na ndani ya sanduku zilikuwamo picha: baba siku ya arusi yake, nyanya aliyekwisha kufariki, mtoto siku ya ubatizo. Ukuta hujengwa tena, bali sura ya marehemu haijengwi tena. Basi anayepiga picha kwetu hafanyi mchezo. Anawawekea wengine akiba. Na akiba hiyo haiwekwi na kamera iliyoachwa kabatini kwa sababu ya uzito wake.

SWALI LA TANGU ZAMANI

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kuchoshwa na mzigo huu. Katika nchi ya Ujerumani alikuwako fundi mmoja, jina lake Oskar Barnack. Alipenda sana kupiga picha, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za siku zile, pamoja na vioo vyake, zilikuwa mzigo wa kumkata pumzi. Akatengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema, ambayo picha yake ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera hiyo, Leica, ilionyeshwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Hata leo mafundi huvipima vipimo vya kamera kwa ile 36 kwa 24.

Katika nchi yetu pia tunao mfano. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apate ukumbusho wa arusi yake mwenyewe. Kwa mwanzo huo mdogo akawa mpiga picha mashuhuri wa Kinshasa, hata akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco.

Kamera isiyotumia filamu nayo ilianza ikiwa kubwa. Ile ya kwanza ya kubebeka ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Marekani. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 3 na nusu, nayo ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja juu ya utepe wa kaseti. Leo kamera iliyo bora kuliko ile mara nyingi huingia katika mfuko wa shati.

USIDANGANYWE NA HESABU

Muuza duka, akitaka kusifu bidhaa yake, husema: "Hii ina megapikseli nyingi." Maana yake ni kwamba picha imegawanyika katika nukta nyingi sana, milioni kwa milioni. Neno lake laweza kuwa kweli, lakini haliyaonyeshi yote.

Tuchukue kamera mbili zilizotoka mwaka mmoja, 2012. Ya kwanza ni Canon EOS 5D Mark III, kubwa, yenye megapikseli 22. Pamoja na betri na kadi ina gramu 950, na lenzi yake ya kawaida ya 24 hadi 105 huongeza gramu 670. Jumla ni zaidi ya kilo moja na nusu. Ya pili ni Sony RX100, ya mfukoni, yenye megapikseli 20 na uzito wa gramu 240 tu. Mtu akitazama hesabu ya megapikseli peke yake atasema: "Ni ndugu pacha." Sivyo.

Nyuma ya lenzi ya kila kamera kiko kibamba kidogo kipokeacho nuru, badala ya filamu ya zamani. Kibamba cha kamera kubwa tuliyoitaja ni milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kile cha ndogo ni 13.2 kwa 8.8, yaani milimita za mraba 116. Kikubwa hukishinda kidogo mara saba na zaidi. Na zipo kamera za mfukoni za bei nafuu ambazo kibamba chake hakifiki hata milimita za mraba 30. Kibamba ni kama sufuria iliyotegwa chini ya mvua: yenye mdomo mpana hukusanya maji mengi upesi, na kikombe hukusanya machache. Kibamba kidogo mno kikipata nuru haba hutoa picha yenye chembechembe kama mchanga wa ufuoni.

Tena, megapikseli nyingi hazihitajiwi na watu wengi. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka na megapikseli 2 hivi. Ukurasa mzima wa daftari kubwa hutosheka na 9. Kwa hiyo kamera yenye 12 imekwisha kutosha nyumba, shule na parokia.

NURU YA NDANI NA JUA LA ZIWANI

Baada ya kibamba, tazama tundu la lenzi lipitishalo nuru. Kipimo chake huandikwa kwa herufi f na namba. Ajabu ni hii: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ile ya Canon hufunguka hadi f/4, lakini ile ya Sony ndogo hufunguka hadi f/1.8, nayo hupitisha nuru karibu mara tano zaidi. Kwa njia hiyo kamera ndogo hurudisha sehemu kubwa ya kile inachokosa kwa udogo wa kibamba chake.

Lakini iko sharti. Ukivuta kilicho mbali ili kionekane karibu, tundu la kamera hiyo ndogo hupungua hadi f/4.9, na faida yote hupotea. Kwa hiyo ndani ya kanisa, mahali penye nuru hafifu, mpiga picha wa kamera ndogo asisimame mlangoni na kuvuta bibi arusi kwa lenzi. Asogee kwa adabu, apige kwa karibu. Asiyependa kusogea atafute yenye tundu kubwa mwanzo hata mwisho: Sony RX100 III ya mwaka 2014 na Canon G7 X Mark II ya mwaka 2016 hazishuki chini ya f/2.8.

Nje, taabu ni kinyume chake. Saa sita mchana ufuoni, jua likipiga juu ya maji, kioo cha nyuma ya kamera huwa cheusi, na mtu hupiga kwa kubahatisha. Hapo ndipo tunapojua thamani ya kile kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Kamera kubwa zinacho. Ndogo nyingi hazina. RX100 ya kwanza haina, ile ya 2014 inacho, kikiinuka kutoka ndani. Jambo hili, linalodharauliwa katika nchi za mawingu, kwetu ni la kwanza.

Tena yako maji na vumbi. Kamera kubwa ikibadilishwa lenzi huingiwa na vumbi la uwanda wa Ruzizi wakati wa kiangazi. Ndogo haibadilishwi lenzi, ila lenzi yake itokayo na kurudi yaweza kuvuta vumbi ndani, nayo ni vigumu kusafishwa. Afuataye wavuvi wa ndagala mtumbwini usiku, au apitaye mito wakati wa masika, afikirie kamera isiyoingia maji, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019, ivumiliayo hata kina cha mita 15. Kibamba chake ni kidogo sana, na picha za usiku hazitakuwa safi. Lakini kamera iliyo hai yenye picha ya wastani hushinda kamera bora iliyozama.

UMEME NA SOKO

Yatupasa kukumbuka umeme. Betri ya ile Canon kubwa, kwa kipimo cha viwanda, hutoa picha 950 hivi. Ile ya Sony ndogo hutoa 330. Arusi moja ya siku nzima yaweza kuimaliza kabla ya keki kukatwa. Basi anunuaye ndogo anunue betri mbili kwa mara moja, tena achague iwezayo kujazwa kwa waya wa simu, ili umeme ukikatika mjini atumie kibao cha nguvu za jua.

Juu ya soko tujue hivi. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilipeleka madukani kamera zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ndizo zilizozila, na zile ndogo za bei nafuu ndizo zilizoliwa zaidi. Kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika. Anunuaye na aifanyie mitihani hii kabla ya kutoa pesa. Aiwashe na kuizima mara kumi, akisikiliza kama lenzi yakwaruza. Apige picha ya mbingu tupu na kutafuta madoa. Aitazame betri kama imevimba. Apige picha gizani bila taa. Mwisho aulize kama betri ya namna ile yapatikana Uvira au Bukavu. Muuzaji anayekataa mitihani hiyo amekwisha kujibu.

Wengine watasema: "Mbona simu yatosha?" Kwa picha za mchana, za watu wa karibu, yatosha kweli, wala hatuwashauri walio na watoto wa kulipiwa shule watumie dola zao kwa kitu kingine. Kamera ni kwa yule mwenye kazi: anayepiga ndani ya nyumba zenye giza, anayechapisha picha kwenye karatasi kubwa, anayeandika habari za shule au za kijiji mwaka kwa mwaka. Na aliye na studio mjini, asiyesafiri, asiitupe kamera yake kubwa. Yeye habebi kitu. Faida ya kibamba kikubwa ni yake yote.

UDOGO USIWE WIZI

Kamera ndogo inayo faida nyingine, nayo ni hatari pia: haionekani. Mtoto hakimbii akiiona, na mzee hakazi uso. Lakini iwezayo kufichwa yaweza kutumiwa kwa hila. Tusimpige mtu aliyelala wodini kwa kipindupindu, wala mama aliyekimbia vita akiwa hana hata kanga ya pili, tukasema, "Hakujua." Hakujua, ndiyo, na hilo ndilo kosa. Aombwe kwanza, na akikataa tuondoke. Vilevile mipaka, madaraja, kambi na watu wenye silaha visipigwe picha bila ruhusa. Udogo wa kamera hautamwokoa mtu siku mfuko wake utakapopekuliwa. Labda utamtia katika mashaka makubwa zaidi, maana wataona kana kwamba aliificha.

Tukijumlisha, shauri letu ni hili. Mwenye kusafiri kwa miguu, kwa pikipiki na kwa mtumbwi abadili, achukue ndogo. Lakini asinunue kwa megapikseli. Atafute kibamba kisichopungua kile cha 13.2 kwa 8.8, tundu la f/1.8 hadi f/2.8, kitundu cha kuchungulia, na waya wa kawaida wa kujazia betri. Akikosa vyote, aanze kwa kibamba na tundu, maana hivyo havirekebishwi na fundi yeyote. Mtu wa majini peke yake aweke kinga ya maji mbele ya hayo yote.

Lakini hata kamera bora haitunzi kitu yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha zikae mahali pawili: nakala moja kwa mpiga picha, na nyingine mbali na mto na mbali na ziwa, kwa ndugu aliye mlimani au mji mwingine. Zile za maana zichapishwe kwenye karatasi, na nyuma yake yaandikwe kwa kalamu majina, mahali na mwaka. Mjukuu atakayeishika picha hiyo hatauliza ilipigwa na kamera gani. Atauliza: "Huyu ni nani?" Na jibu liwe limekwisha kuandikwa.