Je, Wajua? Torati Inaijua Lumbesa

Kasuku, Kaunti ya Nyandarua, jirani na Nakuru, ipo jamii ndogo ya Wakenya wakulima wanaofuata dini ya Kiyahudi. Kwa desturi ya Wayahudi, Torati hugawanywa mafungu 54, na kila Sabato husomwa moja, pengine mawili, hadi vitabu vyote vitano viishe ndani ya mwaka.

Mambo ya Walawi huwachosha wengi. Lakini fungu la Kedoshimu, ambalo husomwa Aprili au Mei, linanukia shamba: pembe za konde waachiwe maskini na mgeni, ujira wa kibarua usilale hadi asubuhi, mizani iwe ya haki.

Hapo mkulima wa viazi hahitaji mfasiri. Dalali hulishonea gunia kilemba cha wavu juu, likawa lumbesa, kisha analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Kenya inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini ujanja haujaisha.

Fungu la Ki Tetse, la Agosti au Septemba, linapiga marufuku kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. La kununulia na la kuuzia, bila shaka.