Je, Wajua? Kibanio cha nguo kililinda ndege

Zamani, kwenye viwanja vya ndege za mfano Uingereza na Marekani, rubani alibana kibanio cha nguo ubaoni, kwenye namba ya chaneli ya redio ya rimoti yake. Ukikuta chaneli imeshikwa, huwashi rimoti! Rimoti mbili zikigongana chaneli, ndege iliyo angani haimsikii tena mwenyewe. Inaanguka.

Leo kibanio hakihitajiki sana: rimoti nyingi hutumia gigahezi 2.4 na hurukaruka kati ya masafa zenyewe. Mbinu ya namna hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1942. Wavumbuzi? Hedy Lamarr, nyota wa filamu, na mtunzi wa muziki George Antheil. Walilenga kuongoza makombora ya chini ya maji.

Lakini bodi ya ndege ikiwa ya nyuzi za kaboni, huziba mawimbi hayo ya rimoti. Ncha ya antena ya ndege, milimita 31 tu, lazima itokeze nje.