Askari wa Mfalme Aliyeingia Safarini Bila Upanga

Wazazi wengi wa mjini, warudipo jioni kutoka kazini na kumkuta mtoto amekodolea macho kompyuta huku milio ya risasi ikirindima chumba kizima, huwa hawana neno jema la kusema juu ya michezo hiyo. Hatuwezi kuwalaumu. Hata hivyo, si michezo yote ya kompyuta iliyozaliwa na bunduki mkononi. Upo mmoja, ambao umri wake sasa umepita miaka 40, uliotoka Marekani mwaka 1984. Shujaa wake ni askari wa mfalme mwenye cheo cha heshima cha "Sir", kama mashujaa wa Ulaya ya kale, lakini anaianza safari yake hana upanga, hana mkuki, hana hata farasi. Mchezo huo unaitwa King's Quest, na tukitaka kulifasiri jina hilo twaweza kusema Msako wa Mfalme.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika nchi ya kubuni iitwayo Daventry walikuwapo mfalme Edward na malkia wake, wenye hazina tatu: kioo kilichoonyesha mambo yajayo, ngao iliyomkinga mwenye kuishika asidhurike, na kasha la dhahabu lisilopungua hata likichotwa namna gani. Walichokosa ni mtoto. Akaja mchawi akawaahidi mrithi, ujira wake ukawa kile kioo, mrithi hakuonekana. Malkia akaugua, akaja kijitu kifupi na dawa ya mizizi, akaondoka na ngao, malkia akafa. Mfalme mjane baadaye akamwokoa mwanamwali aliyejidai kuwa wa ukoo wa kifalme, akataka kumwoa, kumbe naye ni mchawi, akatoroka na kasha la dhahabu. Edward amekuwa mzee, nchi imedhoofika, naye anamwita Sir Graham na kumwambia: niletee hazina zangu tatu, nami nitakuachia kiti changu.

Hapo ndipo mchezaji anapoingia, na hapo ndipo wengi wanapokufa. Maana Graham anasimama mbele ya ngome iliyozungukwa na handaki la maji lenye mamba, naye ukimwamuru kutembea kwa kubonyeza kitufe cha mshale, huendelea kutembea mpaka umwamuru kusimama. Mchezaji aliyeshangaa mandhari kwa nukta moja tu humwona shujaa wake akitumbukia majini hata kabla hajaonana na mfalme. Akifika barazani, inafaa kwanza ainame kwa adabu. Jambo hilo pia lazima liandikwe, kwa kuwa katika mchezo huu hakuna kuonyesha kitu kwa kidole wala kuchagua katika orodha: mchezaji huandika amri kwa Kiingereza, kwa kawaida neno la kitendo na jina la kitu, na kompyuta hujibu kwamba imeelewa au haikuelewa. Ukikosea herufi moja, haikuelewi. Kwa mtoto anayejifunza lugha hiyo shuleni, kamusi ikiwa karibu, hiyo si hasara hata kidogo.

Sasa tutazame jinsi safari inavyokwenda. Porini lipo jiwe kubwa. Graham akilisukuma kutoka upande usiofaa, linamporomokea na kumwua. Akilisukuma kutoka upande ufaao, anapata shimo lenye jambia. Msomaji atasema, hiyo hapo silaha! Lakini kazi bora ya jambia hilo ni kukata kamba ya ndoo ya kisimani. Chini ya kisima hicho kuna pango, na pangoni kuna joka linalotema moto na kukilinda kile kioo. Graham anaweza kulichoma joka kwa jambia. Anaweza pia kulimwagia ndoo ya maji, moto ukazimika, nalo likaondoka zake kwa aibu.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo kiini cha mchezo huu. Juu ya kioo cha kompyuta huonekana alama alizokwisha kupata mchezaji, kati ya alama 158 zinazowezekana. Anayelimwagia joka maji hupata alama nyingi kuliko anayeliua. Kule mawinguni yupo jitu anayelinda kasha la dhahabu; aliye na manati anaweza kumwangusha, lakini anayejificha na kungoja mpaka jitu lipatwe na usingizi hulipwa zaidi. Madaraja nayo yanalindwa na zimwi lisilomruhusu mtu kupita bila ushuru. Ukilihonga hazina uliyookota njiani utapita, ila alama zako zitapungua. Njia iliyo bora ni kumvuta beberu kwa karoti mpaka darajani (nina maana ya mbuzi dume, si yule mwingine tuliyezoea kumsoma magazetini), naye atalipiga zimwi pembe na kulitupa mtoni.

Anayezijua hadithi zetu za Sungura hatashangaa. Mnyama mdogo kumshinda mkubwa kwa akili ni jambo tulilolisikia tangu utotoni. Jipya ni kwamba hapa msikilizaji mwenyewe ndiye Sungura, na hadithi haisongi mbele mpaka afikiri.

Hata huruma ina thamani yake. Katika kibanda kimoja wanaishi mkata kuni na mkewe wanaokufa njaa. Graham akiwa amekwisha kuokota bakuli la ajabu lijaalo mchuzi lenyewe, anaweza kulibakisha kwa faida yake au kuwapa wale maskini. Akiwapa, anapata fidla yao. Mchezaji hajui bado itamfaa nini, mpaka atakapojikuta chini ya ardhi katika ufalme wa vibwengo na kuipiga: vibwengo wote wanaanza kucheza ngoma wakitoweka mmoja mmoja, na ngao inabaki pale bila mlinzi. Haifai kusema kwamba mchezo hauna ukatili kabisa. Yule mchawi wa nyumba ya mkate, anayekula watoto, husukumwa ndani ya tanuri lake mwenyewe na mchezaji akapewa alama kwa kitendo hicho. Lakini hilo limetoka moja kwa moja katika ngano za Kijerumani zilizokusanywa na akina Grimm, ambazo hazikuwa na haya ya namna hiyo.

Lipo fumbo moja ambalo, kwa maoni yangu, lilivuka mpaka wa haki. Mzee mmoja kijitu anamtaka Graham abahatishe jina lake. Katika nyumba ya mchawi kuna kikaratasi kinachoshauri kwamba wakati mwingine ni busara kufikiri kinyumenyume. Mchezaji mwerevu atalikumbuka jina maarufu la ngano ya Kijerumani na kuliandika kuanzia mwisho. Si sahihi! Mwaka 1984 mchezo ulitaka alfabeti nzima igeuzwe, A iwe Z, B iwe Y, na kuendelea hivyo, kisha jina liandikwe kwa herufi hizo. Ni watu wangapi waliolipata bila kuambiwa? Toleo jipya la mwaka 1990 lilikubali jina lililogeuzwa kwa njia ya kawaida. Hata katika lile la kwanza, kwa bahati nzuri, aliyeshindwa mara tatu alipewa ufunguo wa mlango wa mlimani, akafika kwa jitu kwa njia nyingine yenye alama chache.

Aliyetunga haya yote ni mwanamke, Roberta Williams, mama wa watoto wawili, ambaye hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu alikuwa mumewe, Ken. Roberta alinaswa na mchezo wa maandishi matupu wa kuzuru pango, ulioanzwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya binti zake na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Alipoumaliza akatafuta mwingine wa kumridhisha, hakuupata. Basi akakaa kwenye meza ya jikoni akatunga wake, wenye picha, ukaitwa Mystery House, nao mwaka 1980 ukaanza kuuzwa katika vifuko vya plastiki. Kutokana na meza hiyo ikazaliwa kampuni ya Sierra On-Line, iliyohamia milimani California karibu na Yosemite.

Kampuni ya IBM ilikuwa inatayarisha kompyuta ya nyumbani iitwayo PCjr, ikawataka Sierra watengeneze mchezo wa kuonyesha uwezo wake wa rangi 16 na sauti. Matokeo yalikuwa kitu kigeni kwa macho ya wakati huo: mtu anayetembea ndani ya picha, akapita nyuma ya mti akafichika, akatokea upande wa pili. Kompyuta yenyewe haikuwafurahisha wanunuzi, na mwezi Machi 1985 IBM iliacha kuitengeneza. Mchezo ungezama pamoja nayo, kama isingalikuwa kampuni ya Tandy iliyotoa kompyuta yake ya bei nafuu yenye uwezo wa namna ile ile. Kutoka hapo King's Quest ukaenea, na hadithi zilizoufuata zikafika saba kwa mkono wa Roberta.

Ya nane, iliyotoka mwaka 1998, ilimpa shujaa silaha na kumwamuru apigane. Wapenzi wengi wa zamani hawakuipokea vizuri, nami nawaelewa. Wakati huo Sierra ilikuwa imekwisha kuuzwa, mwaka 1996, kwa kampuni ya CUC International, ambayo mahesabu yake yalikuja kugunduliwa kuwa ya udanganyifu. Aliyekuwa mwenyekiti wake alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12 mwaka 2007. Walioumia mapema zaidi ni wafanyakazi wa kule milimani Oakhurst, ambao ofisi yao ya michezo ilifungwa mwezi Februari 1999.

Familia inayotaka kuujaribu leo haihitaji mashine ya zamani. Zipo programu kama DOSBox na ScummVM zinazoifanya kompyuta ya sasa iigize ile ya zamani. Ndugu msomaji, tayarisha karatasi uchore ramani: uso wa Daventry una picha 48, safu sita zenye picha nane kila moja, na ukienda upande mmoja bila kukoma utarudi ulikotoka. Hifadhi mchezo kila baada ya hatua njema, hasa kabla ya kuupanda mharagwe uendao mawinguni, kwani kuanguka kutoka juu yake ni rahisi mno. Mmoja ashike kibodi, mwingine kalamu, na mwenye umri mdogo kuliko wote aulizwe kwanza, maana mara nyingi yeye ndiye anayewaza kwamba beberu hupenda karoti.

Roberta Williams alikaa miaka mingi bila kutoa mchezo. Mwezi Januari 2023, akiwa na miaka 69, yeye na mumewe walitoa mwingine. Hawakurudi Daventry. Walilichukua pango lile lile la Crowther na Woods, lililokuwa maneno matupu, wakalitia kuta, mwanga na maji.