Ulingo wa Uani na Barua ya Baraza

Yuko bibi mmoja katika mji mmoja wa visiwa vyetu ambaye siku kumi na tano zilizopita alipokea barua kutoka baraza la mji. Jina lake hatulitaji, kwani ni mtu wa stara. Wala baraza lenyewe hatulitaji, kwa kuwa shabaha yetu ni hoja zilizomo katika barua, si watu walioitia saini. Barua hiyo ilimtaka abomoe, katika muda wa siku 21, kile ilichokiita jengo la juu lisiloidhinishwa, lililoko nyuma ya nyumba yake. Tuliposomewa maneno hayo tulidhani kwamba bibi amepandisha orofa. Tukaenda kuona kwa macho yetu, na tulichokikuta ni ulingo.

Ni ulingo wa mbao, urefu wake hatua saba na upana wake hatua nne, uliosimamishwa juu ya nguzo za mvinje kiasi cha futi mbili, yaani sentimita 60, kutoka ardhini. Mbao zake zimetoka katika dau kuukuu la marehemu mumewe, nazo zimepigiliwa kwa kuachiana nafasi ya upana wa kidole. Hauna paa wala ukuta. Juu yake pametandikwa mkeka, pamewekwa kiti kimoja, na pembeni yamepangwa madebe ya mrehani na asumini. Mpera na mlimau vilivyokuwako tangu zamani vimeachwa vilivyo, na ulingo umekatwa pembe moja ili kuupisha mpera.

Sababu ya kujengwa kwake ni maji. Mwenye kiwanja cha nyuma alipojenga nyumba mpya alijaza kifusi hata ardhi yake ikapanda juu ya ardhi ya bibi, na tangu hapo kila masika ua wa bibi hugeuka dimbwi la kufika vifundoni, likakaa siku nyingi. Bibi ni mgonjwa wa magoti. Masika matatu yamempita yeye akiwa ndani, akiitazama bustani yake kwa dirishani kama mgeni. Mjukuu wake seremala ndiye aliyemjengea ulingo huu kwa siku mbili, na siku ya tatu bibi akanywa chai yake chini ya mpera.

Baraza limetoa hoja tatu: kwamba hapakuombwa kibali, kwamba ulingo unachungulia nyumba ya jirani, na kwamba hauafikiani na haiba ya mji.

Katika hoja ya kwanza hatuna budi kusema kweli. Kibali hakikuombwa, na kilipasa kuombwa au angalau kuulizwa kwa sheha. Hatuwezi sisi, ambao kila siku tunawahimiza wananchi wafuate taratibu, kugeuka leo tukasema kwamba utaratibu ni kwa wengine. Lakini kukosa kibali ni jambo moja, na kustahili kubomolewa ni jambo jingine. Sheria ya kupanga miji ya Zanzibar ya mwaka 1955 ilitungwa wakati wa Waingereza, na inafaa tutazame wao wenyewe hufanyaje kwao. Huko Uingereza, sakafu ya mbao ya bustanini isiyozidi sentimita 30 kutoka ardhini haihitaji maombi yoyote kwa nyumba ya kawaida, mradi pamoja na nyongeza nyingine isile zaidi ya nusu ya kiwanja. Ulingo wa bibi, kwa sentimita zake 60, ungehitaji kibali hata huko. Hata hivyo, mwenye kujenga bila kibali huruhusiwa kuomba baada ya kujenga, na halmashauri hupima kwanza madhara yaliyotokea kabla ya kuagiza nyundo. Barua aliyoletewa bibi haikumpa nafasi hiyo.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na wala hatutaki ichukuliwe kwa wepesi kwa kuwa tunamtetea bibi. Katika visiwa hivi stara ya ua ni sehemu ya nyumba kama ulivyo ukuta wake. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli ya serikali tulifunzwa mapema kwamba mtu asimdhuru mwenzake wala wasilipizane madhara, na mafakihi walizungumza kwa urefu juu ya madirisha na mapaa yanayochungulia uani kwa watu. Basi tulipanda juu ya ulingo tukapima wenyewe. Mtu akikaa kitini, macho yake yako chini ya ukuta wa mpaka, haoni kitu. Akisimama, anaona ua wa jirani, kamba ya kuanikia nguo na mlango wa jiko. Mke wa jirani alitueleza kwamba jambo hilo lilimkera, naye alikuwa na haki ya kukereka.

Tuliwakutanisha, na mazungumzo hayakuchukua hata muda wa kupoa kahawa. Yamekubaliwa makuti ya kumba yasimamishwe upande huo kwa urefu wa kupita kichwa cha mtu, kwa gharama ya mjukuu, na sasa yamekwisha simamishwa. Tulirudi kupanda, hatukuona ua tena. Ikiwa dhara limeondoka kwa makuti, nini kinachobakia cha kuondolewa kwa shoka? (Tuongeze kwa pembeni kwamba majumba ya Michenzani, yaliyojengwa na serikali yetu wenyewe katika miaka ya 1970, yanaziona nyua za nusu ya Ng'ambo, na watu wamejifunza kuishi nayo kwa mapazia na adabu.)

Ama haiba ya mji, hapa hatukubaliani na baraza hata kidogo. Mji wa Unguja peke yake umepangiwa ramani na Lanchester mwaka 1923, na Kendall mwaka 1958, na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1968, na wa China mwaka 1982, na kila mmoja alikuja na sura yake ya mji mzuri. Ofisa anayetaja haiba na aseme ni kanuni ipi na kifungu kipi, ama sivyo anatupa maoni yake binafsi yaliyopigwa mhuri. Ulingo huu hauonekani kutoka njiani. Wala si kitu kigeni kwetu: wakulima wetu wamelinda mpunga kwa kukaa juu ya madungu tangu kale, na wenye majumba ya Mji Mkongwe walijenga vibanda vya mbao juu ya mapaa ili wapungwe na upepo wa jioni.

Lakini lililotushangaza kuliko yote limo katika aya ya mwisho ya barua. Baraza linamshauri bibi, badala ya ulingo, ajaze kifusi uani na kupiga sakafu ya saruji. Kwa hiyo aliyefurikiwa kwa kifusi cha mwenzake anaambiwa naye akamwage kifusi chake! Maji ya mvua hayapotei kwa kufunikwa. Yakizuiwa kuingia ardhini yatakwenda kwa jirani wa tatu, ambaye ua wake uko chini zaidi na kisima chake hakina ukingo. Mbao zilizoachiana nafasi huyapitisha maji yakashuka katika udongo, yakanywewa taratibu, na miti ikapata riziki yake. Seremala kijana, bila ramani, amefanya jambo ambalo wenye ramani walipaswa kumfunza, na mwenye kifusi cha kwanza, aliyeanzisha balaa lote, hadi leo hajaandikiwa hata mstari mmoja.

Rufaa ya bibi, pamoja na mchoro uliochorwa na mwalimu mmoja wa mtaani kwa penseli na rula, imepokelewa na kupigwa mhuri. Zimebaki siku sita. Tunamwomba Ndugu Mkurugenzi amtume ofisa wake na futi kamba, aupime ulingo na kiwanja cha nyuma pia. Na kama itawezekana, ofisa huyo aje siku ya mvua.