WITCH: Bendi ya roki ya Zambia iliyosahaulika kwao, ikafufuliwa na wageni

Kwa wasikilizaji wetu wa Ngumbo, Liuli, Mbamba Bay na Mbinga, neno “roki” huleta picha ya vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu. Lakini miaka hamsini iliyopita, nchi jirani ya Zambia ilikuwa na roki yake, nzito na ya kelele, iliyopigwa na vijana wa miji ya migodi ya shaba. Leo inaitwa Zamrock. Moja ya bendi zilizotangulia katika muziki huo iliitwa WITCH. Makala haya yanaeleza ilikotoka, kwa nini ilipotea, na kwa nini habari zake zinatuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Ni muziki wa aina gani?

Mzizi wake ni roki ya Uingereza na Marekani ya mwisho wa miaka ya 1960, aina inayoitwa saikedeliki. Wapigaji waliacha wimbo urefuke, wakayumbisha sauti, msikilizaji akajiona kama yuko ndotoni. Gitaa la umeme lilipitishwa kwenye kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu, na sauti ikatoka imekwaruza, kama spika iliyochanika. Ukwaruzaji huo si kasoro. Unafanywa kwa makusudi.

Vijana wa Zambia waliisikia roki hiyo redioni na kwenye santuri. Kwanza waliiga, kisha wakachanganya na midundo ya kwao, wakaimba kwa Kiingereza na pia kwa lugha za nyumbani kama Kibemba na Kinyanja.

Jambo hili si geni kwetu. Tazama mganda wetu: mistari, sare safi, hatua za gwaride. Wazee walitazama askari wa kikoloni na bendi zao, wakachukua walichokipenda, wakakigeuza kuwa ngoma ya kijiji. Nani leo atasema mganda ni wa Wazungu?

Bendi ilivyoanza

WITCH ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alikulia Kitwe, katika ukanda wa shaba. Mashabiki walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa bendi ya Rolling Stones. Pamoja naye walikuwapo Chris Mbewe na John Muma kwenye magitaa, Gedeon Mulenga kwenye besi, Boidi Sinkala kwenye dramu na Paul Mumba kwenye kinanda.

Santuri yao ya kwanza, Introduction, inatajwa kuwa miongoni mwa santuri ndefu za kwanza kabisa kutolewa na bendi ya Zambia. Zikafuata In the Past mwaka 1974 na Lazy Bones!! mwaka 1975. Walijaza kumbi, na watu waliokosa nafasi walisikiliza wakiwa nje.

Siasa nayo ilisaidia. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Bendi zilizokuwa zikiiga nyimbo za nje zilibaki na njia moja tu ya kusikika hewani: kutunga za kwao.

Kwa nini ilizimika?

Sababu hazikuwa moja.

Ya kwanza ni shaba. Uchumi wa Zambia ulisimama juu ya madini hayo, na katikati ya miaka ya 1970 bei yake ilianguka katika soko la dunia. Mshahara wa mchimbaji ulipopungua thamani, tiketi ya dansi na santuri ndivyo vitu vya kwanza kuachwa. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anaijua hali hiyo: bei ikianguka mbali, maumivu yanafika hadi dukani kijijini.

Ya pili ni vita vya ukombozi. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa nchi za jirani, na hatari ya mashambulizi ilileta amri za kutotoka nje usiku. Bendi zikalazimika kupiga mchana.

Ya tatu ni kanda za kaseti. Wimbo ulinakiliwa kwa bei ndogo, na mwenye wimbo hakupata kitu. Vilevile muziki wa disko uliingia, na mtu mmoja mwenye mashine alichukua nafasi ya bendi nzima.

Kisha ukaja Ukimwi. Ugonjwa huo uliwaondoa wanamuziki wengi wa kizazi kile. Kufikia miaka ya 2000, kati ya wale sita waliotajwa hapo juu alikuwa amebaki Jagari peke yake. Alikuwa amefundisha muziki, na baadaye akaingia kwenye uchimbaji wa vito.

Waliorudi kuitafuta

Wakati Zambia imesahau, wakusanyaji wa santuri Ulaya na Marekani walikuwa wakizisaka zile chache zilizobaki na kuzilipia fedha nyingi. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilikusanya kazi za WITCH na kuzitoa upya. Mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu maisha ya Jagari. Yeye akapanda tena jukwaani, akiwa na Patrick Mwondela aliyepiga kinanda kwenye bendi hiyo miaka ya 1980, pamoja na vijana kutoka Ulaya. Mwaka 2023 walitoa Zango, albamu mpya ya kwanza baada ya takriban miaka 40. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya mbele.

Ni habari njema, lakini ina uchungu wake. Watano kati ya wale sita hawakuiona siku hiyo.

Sisi tunajifunza nini?

Tanzania nayo ilikuwa na vijana wa namna hiyo. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilipiga roki ya Kiafrika miaka ya 1970, na santuri yake Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Ilirudi sokoni mwaka 2016 kupitia kampuni ya Strut, pamoja na nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania mwaka 1973. Zilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyezihifadhi.

Basi, msikilizaji, kama nyumbani kuna santuri au kaseti ya zamani, iwe ya dansi, kwaya, mganda au kioda, usiitupe. Iweke mbali na jua na unyevu. Andika kwenye karatasi nani aliimba, nani alipiga, wapi na mwaka gani, ukimuuliza mzee angali hai.

Jambo la mwisho ni haki. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki ya mtunzi haifi naye. Inaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi wanaweza kuidai. Ofisi inayohusika ni COSOTA. Kama baba au bibi yako alitunga nyimbo, ulizia mapema, kabla mgeni hajaja kuzinunua.